Miguu Ndani ya Sufuria: Jinsi Kwale wa Udzungwa Alivyopata Jina

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nawashukuru walimu walioniita, na nawashukuru zaidi ninyi mnaoongoza wageni misituni, maana najua wengine mmeteremka mlimani leo asubuhi na kesho alfajiri mnapanda tena. Niliombwa nizungumze juu ya majina ya kisayansi ya ndege. Ningeweza kuanza na Kilatini, lakini nitaanza na sufuria.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya Milima ya Udzungwa. Chakula kikaliwa, na ndani ya sufuria ikabaki miguu miwili ya ndege. Wakaitazama. Walikuwa watu waliozoea ndege, wenye vitabu vya ndege vya Afrika kichwani, na miguu ile haikufanana na ya ndege yeyote waliyemtarajia pale. Kwa mtu mwingine yeyote hayo ni mabaki ya kutupia mbwa. Kwao likawa swali lililochukua takriban miaka mitatu kujibiwa.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kwa unyenyekevu. Mtu aliyemkamata ndege yule alijua pa kumpata, na aliyempika alijua anapika nini. Nikisema leo kwamba ndege huyu "aligunduliwa" mwaka 1991, naomba mnielewe: nasema kwamba aliingia kwenye maandishi ya sayansi. Kwenye maisha ya watu alikuwemo tayari.

Watafiti wakamtafuta ndege mwenyewe, akiwa hai. Wakamkuta katika misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu, akitembea chini ya miti mikubwa, akichakura majani makavu kama kuku wa nyumbani. Ni ndege wa wastani, kama sentimeta 29 tangu mdomo hadi mkia. Mgongo wake ni wa kahawia yenye mistari myeusi, uso una rangi ya kutu, kifua ni cha kijivu chenye madoa meusi. Mdomo ni mwekundu. Na miguu, ile miguu ya sufuria, ni ya njano. Mwaka 1994 Lars Dinesen na wenzake wanne wakachapisha maelezo yake katika Ibis, jarida la wataalamu wa ndege, na jina wakampa: Xenoperdix udzungwensis.

Sasa tulifungue jina hili polepole, maana ndani yake mna hoja mbili, na watu wengi hulikariri bila kuziona.

Neno la pili ndilo jepesi. Udzungwensis ni "wa Udzungwa". Kile kiambishi cha mwisho, -ensis, ndicho Kilatini chenye kazi inayofanana na "wa" yetu ya mahali. Neno la kwanza ndilo zito. Perdix ni kwale kwa Kigiriki na Kilatini. Xenos ni mgeni, au kitu cha ajabu. Basi ukitafsiri yote unapata "kwale mgeni wa Udzungwa".

Mara ya kwanza niliposikia tafsiri hiyo ilinichoma. Mgeni kwa nani? Ndege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye milima yetu, anaitwaje mgeni kwao? Nililibeba hilo moyoni muda mrefu. Nilipokuja kusoma ushahidi wenyewe nikaelewa kwamba neno lile halikusema kwamba ni mgeni kwa ardhi. Lilisema kwamba ni mgeni miongoni mwa kwale wa Afrika.

Kwale wetu tunaowajua, wale wanaoruka ghafla miguuni ukipita kwenye nyasi, wana ndugu wengi bara zima. Huyu wa Udzungwa hakukaa vizuri katikati yao. Walipomlinganisha mfupa kwa mfupa na unyoya kwa unyoya, waliofanana naye zaidi walitoka Asia: jenasi, yaani ukoo wa spishi zenye undugu wa karibu, iitwayo Arborophila, kwale wa misitu ya milimani wanaoishi kutoka Himalaya hadi visiwa vya Indonesia. Hata kichwa cha makala yao kilitamka wazi kwamba ndege huyu ni masalia yenye undugu na wa upande huo wa dunia.

Fikirini hapo. Kuku wa nyumbani naye asili yake ni Asia, mababu zake wakiwa kuku mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa bara hilo. Lakini kuku aliletwa na watu, kwa majahazi na kwa misafara. Kwale wa Udzungwa hakuletwa na mtu. Mababu zake walifika kwa miguu yao na mabawa yao, zama ambazo misitu iliweza kumpitisha ndege wa msituni kutoka bara moja hadi jingine. Kisha hali ya hewa ikakauka, misitu ikakatika, na waliobaki wakabaki pale tu ambapo msitu haukukauka. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, imekuwa ikipokea unyevu wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana imejaa viumbe wa namna hii, waliobaki baada ya ndugu zao wa katikati kutoweka.

Historia yote hiyo imebebwa na neno moja, Xenoperdix. Hicho ndicho nilichokuja kukisema leo: jina la kisayansi ni hoja. Neno la kwanza, jenasi, linadai undugu: huyu ni wa ukoo fulani. Neno la pili linadai upekee: huyu ni mwenyewe, wala si yule jirani yake. Na hoja, kama mahakamani, hudai ushahidi, na inaweza kushindwa.

Watu hudhani hoja iko kwenye maana ya neno. Haiko hapo. Iko kwenye nafasi ya neno. Tofauti hiyo mtaiona kwa bata mzinga. Sisi tunamwita bata, naye si bata hata kidogo, yuko karibu na kuku. Kwa hiyo jina letu limepotoka. Lakini tazameni na lile la kisayansi, Meleagris gallopavo. Meleagris ni neno la Kigiriki la kanga. Gallus ni jogoo. Pavo ni tausi. Mtu aliyepewa majina ya ndege watatu, na yeye si hata mmoja wao! Bata mzinga alitoka Amerika, Wagiriki wa kale hawakuwahi kumwona. Hata hivyo jina lipo tangu mwaka 1758 na halifutwi, kwa sababu kanuni hazisemi jina lieleze ukweli. Zinasema jina likishatolewa kihalali likae, ili mtu wa Morogoro na mtu wa Brazil wakilitamka wawe wanazungumzia ndege yule yule.

Mwaka huo 1758 niliotaja ndio mwanzo wa hesabu. Ndipo Carl Linnaeus wa Uswidi alipochapisha toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae, na wanazoolojia wakakubaliana baadaye kwamba majina ya wanyama yahesabiwe kuanzia hapo. Jina la zamani zaidi ndilo linaloshika, likiwa limetimiza masharti.

Linnaeus alifanya kazi kubwa, na alikosea kwingi. Kanga wetu alimweka jenasi moja na ndege wa Asia wanaofanana na kuku, akamwita Phasianus meleagris. Kuku naye akamwita Phasianus gallus. Waliokuja baadaye wakaona kanga hawezi kukaa humo, wakamhamishia jenasi yake, na leo ni Numida meleagris. Kuku ni Gallus gallus.

Hapa nataka vijana mtazame kitu kidogo ambacho vitabu vinakiandika bila kukieleza. Mkikuta jina la ndege, mbele yake kuna jina la mtu na mwaka. Mara nyingine viko ndani ya mabano, mara nyingine haviko. Kanga ameandikwa Numida meleagris, kisha mabano, Linnaeus, 1758, mabano yanafungwa. Bata mzinga ameandikwa Linnaeus, 1758, bila mabano. Si uzembe wa mchapaji. Mabano yanakuambia kwamba ndege huyu alihamishwa: aliyempa jina alimweka ukoo mwingine, na wengine wakaja kumwondoa. Pasipo mabano, yupo bado alipowekwa siku ya kwanza. Alama mbili ndogo tu, nazo zimehifadhi kesi nzima, nani alidai nini na kwamba hoja ya undugu ilirekebishwa.

Na ndege akihama, jina lake la pili linaweza kubadilika mkia. Hili sisi Waswahili tunalielewa haraka kuliko wengi, maana tumekua na ngeli. Huwezi kusema "kiti mrefu". Kilatini nacho kina upatanisho wake. Linnaeus alimwita shomoro wa majumbani Fringilla domestica. Alipohamishiwa jenasi ya Passer, domestica ikawa domesticus, kwa sababu Fringilla ni neno la kike na Passer ni la kiume. Ndege ni yule yule, anaiba punje zile zile, ila kivumishi kimefuata ngeli ya nyumba mpya. Nimewahi kumfundisha kijana aliyekuwa anaogopa Kilatini kuliko nyoka. Nilipomwambia ni ngeli tu, alicheka, na tangu siku hiyo hakukosea.

Basi hoja inatetewaje? Kwa ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuja kuushika kwa mkono wake.

Sitasahau mara ya kwanza niliposhika ngozi ya ndege wa makumbusho. Droo ilivutwa, harufu ya dawa ya kuzuia wadudu ikatoka, na ndani wamelala chali, mmoja baada ya mwingine, mabawa yamekunjwa, pamba nyeupe ikichungulia pale ambapo jicho lilikuwa. Nilidhani nitavutwa na manyoya. Nilivutwa na lebo. Kila mmoja amefungwa karatasi mguuni kwa uzi, karatasi isiyozidi urefu wa kidole. Wino umegeuka kahawia. Mahali. Urefu kutoka usawa wa bahari. Tarehe. Dume au jike. Nani alimkamata. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: rangi ya jicho, rangi ya mdomo, rangi ya mguu.

Niliuliza kwa nini waandike rangi ya mdomo na mdomo wenyewe huu hapa. Nikaambiwa nitazame vizuri. Mdomo ulikuwa umefifia, umekuwa rangi ya mbao ya zamani. Manyoya hudumu miaka na miaka, lakini jicho, mdomo na miguu hupoteza rangi muda mfupi baada ya kifo. Kama aliyeshika ndege angali na joto hakuandika kwamba mdomo ulikuwa mwekundu na miguu ya njano, rangi hiyo imepotea.

Katika droo ile alikuwemo mmoja asiye na lebo. Uzi ulikatika zamani, karatasi ikapotea. Ngozi nzuri kabisa, nyororo, haina tundu. Na haina faida yoyote kwa hoja ya jina. Hakuna anayejua ametoka mlima gani. Nilimwonea huruma kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kila spishi mpya inahitaji kielelezo kimoja kitakachobeba jina lake. Katika wote waliokusanywa, anachaguliwa mmoja, na tangu siku hiyo jina ni mali yake. Mabishano yakitokea miaka hamsini baadaye, watu hawataanza kubishana juu ya maneno, watarudi kwenye droo wamtazame huyo mmoja. Kwa kawaida ni ndege aliyeuawa. Najua hilo linawasumbua baadhi yenu, nami limenisumbua. Ndiyo sababu nawaletea kisa cha tiva, ndege mdogo wa vichakani, wa Somalia.

Mwaka 1988, katika mji wa Bulo Burti katikati ya Somalia, kwenye eneo la hospitali, alionekana tiva ambaye hakufanana na tiva yeyote anayejulikana. Ni mmoja tu. Akanaswa, akawekwa kizuizini, akatazamwa na kupimwa. Watafiti hawakutaka kumuua, maana kama ni spishi mpya na amebaki peke yake, kumuua ni kuimaliza kwa ajili ya kuipa jina. Wakachukua damu na manyoya, wakapata vinasaba, na mwaka 1990 wakamwachia huru katika hifadhi ya Balcad. Mwaka 1991 wakachapisha jina: Laniarius liberatus. Liberatus, aliyeachiwa huru. Mimi naona ni mojawapo ya majina yenye heshima zaidi kuwahi kupewa ndege.

Kulikuwa na ubishi mkubwa. Spishi bila mwili? Baadhi walikataa katakata. Lakini damu ilikuwa imetunzwa, na vinasaba ni ushahidi unaoweza kurudiwa. Miaka ikapita, mbinu za maabara zikaboreka, na mwaka 2008 uchunguzi mpya wa tiva wa jenasi ile ukatoa jibu: yule wa Bulo Burti hakuwa spishi ya peke yake. Alikuwa Laniarius erlangeri, tiva anayejulikana tangu zamani, mwenye rangi tofauti tu, kama mnavyoona ndugu wa tumbo moja, huyu maji ya kunde na yule mweusi.

Jon Fjeldså alikuwa mmoja wa waliompa ndege yule jina mwaka 1991. Mwaka 2008, kwenye makala iliyolifuta jina hilo, jina lake limo tena miongoni mwa waandishi. Na huyo huyo ni mmoja wa watano waliompa jina kwale wa Udzungwa. Nawaambia kwa dhati, hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Mtu alitoa hoja, akatunza ushahidi wa kumpinga yeye mwenyewe, na ushahidi ulipomgeuka akatia sahihi. Jina zuri lile likawekwa kando. Ubaya haukuwepo. Damu iliyochukuliwa kwa ndege aliye hai ilifanya kazi yake mara mbili, ya kwanza kulijenga jina na ya pili kulibomoa.

Turudi nyumbani kwa kwale wetu, maana kesi yake haikuisha mwaka 1994.

Mwaka 2000 walipatikana kwale wa namna hiyo katika nyanda za juu za Rubeho. Wenyeji wa huku mnajua jiografia: Rubeho iko kaskazini, Udzungwa kusini, na katikati umekaa Mto Ruaha Mkuu na bonde lake kavu, la joto. Kwale wa msitu wa mlimani hatembei kwenye vichaka vikavu vya bonde kama anakwenda kusalimia jamaa. Basi hawa wawili walikuwa wametenganishwa, na swali likawa: kwa kiasi gani?

Mwaka 2003 Fjeldså na Mtanzania Jacob Kiure waliwaeleza wa Rubeho kama nususpishi, maana yake ni wale wale lakini wa tawi la kando, wakawapa jina la tatu lenye maana ya kutiwa giza. Huo ulikuwa uamuzi wa tahadhari. Halafu vinasaba vikapimwa, maumbo yakapimwa upya, na mwaka 2005 Rauri Bowie na Fjeldså wakatoa ushahidi kwamba tofauti ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Leo orodha ya kimataifa ya wanaonitholojia, yaani wataalamu wa ndege, inawahesabu spishi mbili: Xenoperdix udzungwensis na Xenoperdix obscuratus.

Hakuna ndege hata mmoja aliyebadilika unyoya kati ya 2003 na 2005. Kilichobadilika ni hoja. Lakini angalieni matokeo yake. Kama ni spishi moja yenye makazi mawili, msitu wa Rubeho ukiteketea unasema tumepoteza tawi, shina lipo Udzungwa. Kama ni spishi mbili, msitu huo mdogo wa Rubeho ukiteketea, kuna ndege ambaye hatakuwepo tena duniani. Ofisini kwa wanaopanga bajeti ya uhifadhi, huo mstari mmoja kwenye orodha una uzito. Kwa hiyo kijana anayeniambia kwamba kupanga majina ni kazi ya watu wasio na shughuli, namwomba aende Rubeho akasimame pale msitu unapoishia na shamba linapoanzia.

Nikiri pia upande wa pili. Kuna hatari ya kugawa ndege kwa sababu tunataka walindwe. Hilo sikubaliani nalo. Tukianza kuandika spishi kwa huruma, siku ushahidi utakapotugeuka hakuna atakayetuamini hata kwa zile za kweli. Hoja isimame kwa miguu yake.

Kuhusu vinasaba kuvuruga tulichozoea, nitapita haraka, lakini mmoja lazima nimtaje. Korongo-nyangumi wa mabwawa ya Malagarasi, Balaeniceps rex, aliyepewa jina na John Gould mwaka 1850. Sisi tunamwita korongo, na wataalamu nao kwa muda mrefu walimweka na makorongo, kwa miguu mirefu na kusimama kwake kimya. Leo anawekwa pamoja na mwari. Miguu mirefu ni mavazi ya kazi ya kila anayefanya kazi kwenye maji ya kina kifupi, haithibitishi ukoo.

Halafu kuna suala la nani anaitwa kwenye jina. Pitieni orodha ya ndege wa Tanzania, mtakutana na Fischer, Reichenow, Livingstone, Loveridge, Moreau. Baadhi yao walifanya kazi kubwa na sina ugomvi nao. Lakini waliobeba mizigo, waliotega, waliosikia mlio wa ndege gizani na kusema "yule pale", majina yao hayamo. Kanuni haziruhusu kufuta jina kwa sababu tu hatulipendi, na kwa ajili ya utulivu nakubaliana nazo. Kinachowezekana ni kwa majina yajayo, na tayari njia imeonyeshwa. Katika msitu ule ule wa Ndundulu wanakoishi kwale wetu, na kwenye mlima Rungwe, alielezwa nyani wa mitini mwaka 2005. Watafiti walichukua jina ambalo Wanyakyusa walikuwa wakimwita siku zote, wakaliingiza kwenye sayansi kama lilivyo: kipunji. Mwaka uliofuata ushahidi ukamtoa kwenye jenasi aliyowekwa kwanza, akapewa yake, Rungwecebus. Jenasi ilibadilika, kipunji hakubadilika. Neno la Kinyakyusa litabaki humo wakati wote jina hilo litakapotajwa, na jina la mlima Rungwe liko mbele yake. Na ndege wa Rubeho, yule mdogo wa vichakani aliyeelezwa mwaka 2009 na Bowie, Fjeldså na Kiure, amepewa jina la mahali pake, rubehoensis, na Mtanzania ni mmoja wa waliotia sahihi.

Ninyi mnaoongoza wageni ndio mko karibu zaidi na hoja zijazo. Mtafiti anakuja wiki tatu, ninyi mko msituni mwaka mzima. Mkimwona ndege asiyekaa vizuri na wenzake, msimfukuze na msimpige. Andikeni saa, mahali, na urefu wa mlima. Andikeni rangi ya jicho na ya mdomo papo hapo, kabla kumbukumbu haijaanza kuzitia rangi nyingine. Mkiweza, rekodini sauti kwa simu. Piga picha, na usipige kichwa tu kama picha ya kitambulisho. Piga na miguu.

Mnajua kwa nini nasisitiza miguu.

Mwalimu ananionyesha saa. Lakini kuna mzee amekaa pale nyuma, tangu nilipotaja Nyumbanitu ameinua fimbo yake juu na hajaishusha. Mzee wangu, shikamoo. Karibu mbele. Nadhani wewe umewahi kumsikia akilia.